Pua ya Mama Berthe

Maiti ilikuwa ndani ya ghala la samaki, chini ya sakafu ya udongo, na haikuzikwa kina kirefu. Askari alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuchimba jembe lake lilipogusa kitambaa.

"Acha jembe," Inspekta Aruna Hamisi alisema. "Sasa tumieni mikono."

Askari wawili walipiga magoti, nyuso wamezigeuzia mlangoni. Udongo ulikuwa umechanganyika na chumvi ya mawe, ile ile ya kuhifadhia samaki, imemwagwa bila kipimo. Chini yake kulikuwa na kitenge cha buluu. Aruna alikifunua upande wa kichwa.

Mwanamume wa miaka thelathini hivi. Suruali ya kijeshi. Miguu mitupu. Fuvu lilikuwa limepasuka juu ya sikio la kushoto. Na chini ya kichwa, mtu aliyemzika alikuwa ameweka sweta lililokunjwa, kama mto.

Aruna alilitazama sweta hilo kwa muda. Watu hawamziki adui hivyo.

Ilikuwa Oktoba 2002, mtaa wa Vulamba, mjini Butembo. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika na uani majirani walikuwa wamejazana, kila mmoja amejiziba pua, huyu kwa mkono, yule kwa ncha ya kitenge. Binti wa nyumba ile, Kanyere, alisimama kando ya jiko naye amejiziba kwa leso.

Mtu mmoja tu hakujiziba. Mama mwenye nyumba, Berthe Kahongya, alipita katikati ya watu akikohoa, akaingia ghalani.

"Mumepata nini?" aliuliza. "Mbona batu bananiangalia?"

"Mama, baki inje kwanza," Aruna alisema.

Hakubaki. Alitazama shimoni, akasema, "Zorobabel," taratibu, kama mama anayemwita mtoto aje kula. Kisha akapiga magoti na kuinama mpaka uso wake ukakaribia kuugusa uso wa marehemu. Askari mmoja alikimbia nje kutapika. Mama Berthe alibaki pale pale, akivuta pumzi kwa pua kama kawaida.

Zorobabel Kambere alikuwa mwanawe wa kwanza.

*

Walikaa sebuleni, madirisha wazi.

"Mara ya mwisho ulimuona lini?" Aruna aliuliza.

"Wakati grippe ilinilaza," Mama Berthe alisema. "Nilikuwa na homa, kifua kinaniuma, nilikuwa siko najua kama ni muchana ao usiku. Nilipoamuka, Kanyere aliniambia: kaka amerudia Beni, mu kambi, kwa basoda benzake. Nikasikia vibaya, juu hakuniaga. Mais tangu siku ile nilimuombea safari njema. Kila siku, Bwana Inspecteur. Hapa hapa."

Kutoka kiti chake hadi mlango wa ghala hakukuwa na umbali wa kurusha jiwe.

"Na hii arufu, mama?"

"Arufu gani?" Alimtazama binti yake, kisha Aruna. "Tangu ile grippe siko nasikia arufu ya kitu. Chakula ni kama kutafuna karatasi. Maziwa iliharibika, nikaikunywa." Ndipo akaelewa. "Donc majirani bote balijua kama mutoto wangu iko pale. Miye peke yangu njo sikujua."

Aruna alimgeukia Kanyere.

"Na wewe?"

"Grippe ilinishika na miye," Kanyere alisema. "Pua yangu imekufa kama ya mama."

Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka kama ishirini na minane, amevaa nguo nyeusi ya ujane. Alikuwa akiuza samaki wa chumvi sokoni.

"Ulikuwa umejiziba pua pale uani."

"Batu bote balikuwa banajiziba, chef. Nilifanya kama benzangu."

"Nani anaingia ndani ya depo ya samaki?"

"Miye. Mais tangu barabara ya ziwa ifungwe juu ya vita, samaki imeisha. Siingiamo tena. Hakuna na kufuli. Kila mutu anaweza kuingia."

"Na bwana yako?"

"Alikufa mwaka jana. Kule Beni, mu Bungulu. Basoda baliingia mu nyumba na usiku." Alisema hayo akiangalia sakafu. "Miye nilikuwa huku, nimekuya kuuzisha."

Jirani aliyewaita polisi aliitwa Jokébed. Aruna alimkuta nyuma ya ua wake, uso umevimba kwa kulia.

"Kwanza nilisema ni samaki," alieleza. "Kisha nikajiuliza: samaki imeisha mu soko yote, mbona arufu iko inazidi? Njo nikakuya kwenu. Na sasa banasema ni Phinées."

"Phinées ni nani?"

"Mutoto wangu. Yeye na Zorobabel baligombana juu ya kinga. Baskeli, chef. Batu bazima banagombana juu ya baskeli."

*

Daktari Ézéchias alimaliza uchunguzi wa maiti adhuhuri.

"Pigo moja," alisema akinawa mikono. "Kitu kizito na butu, mbao ngumu. Hakuna jeraha la kujikinga mikononi. Alikuwa amelala, au amelewa sana. Amekufa yapata majuma mawili, labda zaidi. Chumvi ilichelewesha kuoza."

"Mtu mmoja anaweza kumzika vile?"

"Akiwa na muda na ghala lililo karibu, ndiyo."

Aruna aliwaza juu ya sweta. "Dokta, mama anasema hasikii harufu kabisa. Inawezekana?"

"Inawezekana sana. Mwaka huu nimewaona wengi. Mafua makali yanaharibu mishipa ya fahamu ya kunusa, hasa kwa watu wazima. Homa inaondoka, kikohozi kinaondoka, pua inabaki imekufa. Kwa wengine inaamka baada ya miezi. Kwa wengine haiamki."

"Na binti anasema hivyo hivyo."

"Basi niletee wote wawili," daktari alisema. "Kuna namna ya kujua."

Nje, gari la jeshi lilikuwa limesimama. Kamanda wa kambi ya Beni hakushuka.

"Yule alikuwa soda wangu," alisema kupitia dirishani. "Batu ba ile avenue bamemuua. Unipe jina mbele ya Jumapili, Inspecteur. Hapana vile, nitabeba bavijana bote, nitaanza na ule wa baskeli."

"Hii ni kazi ya polisi, mon commandant."

"Donc fanya kazi."

Gari liliondoka. Aruna alijua vijana waliopandishwa kwenye gari lile walikuwa wakielekea wapi. Wachache walirudi.

*

Kesho yake asubuhi alipanda lori kwenda Beni. Kila kizuizi barabarani kilikuwa na wanajeshi wake na maswali yake, akafika jua likiwa limeshakuwa kali.

Kambini waliangalia majina. Zorobabel Kambere aliomba ruhusa ya kwenda kumwona mama yake mgonjwa. Hakurudi. Waliandika kuwa ametoroka.

Kutoka kambini Aruna aliteremka Bungulu. Nyumba ya marehemu mume wa Kanyere, aliyeitwa Mbusa, ilikuwa imefungwa, majani yameota mlangoni. Mbusa alikuwa mwalimu. Upande wa pili wa ua aliishi mfanyabiashara wa vitambaa, mama mmoja aliyeitwa Hadidja. Alimkaribisha Aruna kwa heshima, alimjua hata baba yake Aruna, kwa maana walisali msikiti mmoja.

"Usiku ule ulisikia nini, Mama Hadidja?"

Alifunga mlango kwanza.

"Nilisikia banavunja mulango. Nilisikia Mwalimu anabaambia: bebeni vitu, muniache. Hakuwa na woga. Kisha akasema jina."

"Jina gani?"

"Alisema: 'Ah, Kambere, ni wewe?' Alisema na furaha, mwana wangu. Kama mutu mwenye anaona ndugu. Kisha nikasikia risasi."

Aruna alishusha pumzi. Kambere wako wengi katika nchi ya Wanande, kila familia ina wake. Lakini si kila mtu angemwita askari wa usiku kwa furaha.

"Ulimwambia bibi yake?"

"Hapana. Ningemwambiaje? Ule Kambere mwenyewe alikuya kwa kilio. Alishika mukono wa Kanyere mpaka kaburini. Aliliaka kuliko wanawake." Hadidja alijifuta uso. "Nilifunga kinywa changu. Basoda banajua fasi ninaishi."

Aruna alirudi Butembo siku ile ile. Njia nzima aliona picha moja: mwanamume mwenye bunduki akimshika dada yake mkono kando ya kaburi alilosababisha yeye.

*

Jumamosi, Mama Berthe na Kanyere waliletwa kwa daktari. Waliketi kwenye benchi moja. Mama alikuwa amefungwa kitambaa cha msiba kichwani. Mwanawe alikuwa bado hajazikwa.

Juu ya meza daktari alipanga chupa ndogo zenye vifuniko.

"Haiumizi," aliwaambia. "Mutafunga macho. Munaniambia tu kama munasikia kitu."

Alimtuma Kanyere nje hadi uani, akaanza na mama. Alimpa kahawa ya kusaga.

"Hapana," Mama Berthe alisema.

Kitunguu saumu kilichopondwa.

"Hapana kitu."

Mafuta ya taa.

"Hapana."

Chupa ya mwisho ilipomfikia, mama alirusha kichwa nyuma, akakohoa, machozi yakamtoka. "Mungu wangu, hii inachoma! Ni nini hii?"

"Amonia, mama. Unasikia arufu yake?"

"Arufu hapana. Inachoma tu. Inachoma mpaka mu macho."

"Asante, mama. Pumzika."

Kisha Kanyere aliitwa, akaketi tena kando ya mama yake na kufunga macho. Kahawa: hapana. Kitunguu saumu: hapana. Mafuta ya taa: hapana. Alijibu haraka, kabla hata hajavuta pumzi.

Daktari alifungua amonia na kuishikilia chini ya pua yake. Shingo ya Kanyere ilikakamaa. Vidole vyake vilishika ukingo wa benchi. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, lakini uso haukusogea.

"Unasikia kitu?"

"Hapana, docteur."

"Hata kuchoma?"

"Hapana kitu."

Daktari alifunga chupa, akamtazama Aruna. Hakukuwa na haja ya kueleza. Amonia haihitaji pua inayonusa. Inachoma nyama yenyewe, na aliyepoteza uwezo wa kunusa huruka kama mwingine yeyote. Anayejifanya ndiye hujikaza, kwa kuwa hajui.

Lakini mtu wa kwanza kuelewa pale chumbani hakuwa Aruna. Mama Berthe alikuwa amefumbua macho. Alimwangalia binti yake, yale machozi, ile mikono iliyong'ang'ania benchi. Ile chupa ilikuwa imemchoma yeye sasa hivi. Kisha akakaa sawa.

"Bwana Inspecteur," alisema. "Hapana kumusumbua huyu mutoto tena. Ni miye nilimuua Zorobabel."

"Mama," Kanyere alisema.

"Nyamaza. Andika, Bwana Inspecteur. Ni miye."

Aruna alivuta kiti, akakaa mbele yake.

"Ulimuua kwa nini, mama?"

"Alinitukana."

"Ulimuua na nini?"

"Na kisu."

"Ulimuchoma wapi?"

Mama alisita. "Mu tumbo."

"Na kumuchimbia, ulimuchimbia na homa yako?"

"Mungu alinipa nguvu."

"Na arufu? Majuma yote yale, uliivumilia namna gani?"

"Niliisikia kila siku," Mama Berthe alisema. "Ile njo ilikuwa azabu yangu."

Aruna alisema kwa sauti ya chini, "Mama, docteur amekupa kahawa sasa hivi. Hukujua kama ni kahawa. Na mutoto wako hana alama ya kisu. Alipigwa kichwa."

Mama alijifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Mama, wacha," Kanyere alisema. "Inatosha." Alijifuta macho kwa kiganja. Alipoanza kuzungumza, sauti yake haikuwa na haraka tena. "Andika jina langu, chef. Nilimupiga na muchi, wenye tunatwangia majani ya sombe. Mama alikuwa mu chumba, anaweweseka na homa. Ilikuwa muchana, mvua inapiga mabati, hakuna mutu alisikia."

"Alikuambia juu ya Mbusa?"

Kanyere alimtazama kwa mshangao. "Unajua?"

"Nilifika Bungulu."

"Alikuwa amelewa pombe ya kasiksi. Aliniita pale jikoni, akaanza kulia. Akasema: dada, kuna kitu kinanila. Akaniambia yote. Balibatuma kupora. Alikuwa hajui kama ni kwetu, ilikuwa giza. Mbusa akamuona kwa mwanga wa toshi, akamuita jina mbele ya benzake. Akaogopa kama atasemwa. Akapiga." Alishika tena ukingo wa benchi. "Akaniomba nimusamehe. Akaniomba nisimwambie mama."

"Ulimjibu nini?"

"Sikujibu. Nilikuwa ninamuangalia tu. Kisha akalala, chef. Pale pale kwa mukeka. Alimaliza kusema, akavuta pumzi, akalala kama mutoto mwenye ameshiba. Akaanza kukoroma. Miye tangu Mbusa afe sijalala usingizi mumoja muzima. Mwaka muzima. Na yeye alitua muzigo wake juu yangu, akalala." Alijifuta macho tena. "Kama angebaki macho, kama angebaki analia, pengine ningelia naye. Nilichukua muchi ili anyamaze. Sijui vingine."

Aruna aligeuza ukurasa wa daftari.

"Na ile sweta chini ya kichwa?"

"Alikuwa kaka yangu. Nilishindwa kumulaza na kichwa mu udongo."

"Kwa nini ulimuacha pale?"

"Nilisema nitamuhamisha Zorobabel siku mama ataanza kusikia arufu. Siku mama aliamuka, niliunguza maharagi. Moshi ilijaa nyumba. Yeye akakula, akasema: mbona haina ladha? Njo nikajua. Kuanzia pale kila asubuhi nilimujaribu. Nilipitisha sabuni karibu yake, nikamuuliza: mama, unasikia? Akisema hapana, nilienda jikoni kumushukuru Mungu." Aligeuka kwa mara ya kwanza kumtazama mama yake. "Docteur alikupa dawa ya pua, mama. Miye niliimwaga. Batu bote banaombea bazazi babo bapone. Miye nilikuombea usipone."

Mama Berthe hakuondoa mikono usoni. Daktari Ézéchias alienda kusimama dirishani.

*

Kamanda alipewa jina alilolitaka siku hiyo hiyo. Alitaka apewe na mtu mwenyewe. Aruna alimjibu kuwa faili limekwisha kufika kwa mwendesha mashtaka, na kwamba ndani yake kuna ushahidi wa Bungulu, na majina ya wanajeshi waliotumwa kupora usiku ule yataulizwa mahakamani. Kamanda alitazama pembeni. Gari lake halikuingia tena Vulamba, na Phinées akalala kwao.

Jumapili walimzika Zorobabel. Padri alisoma sala fupi. Wanajeshi hawakuja. Jokébed alimshika Mama Berthe mkono wa kulia tangu kanisani hadi makaburini, na mkono wa kushoto hakuwapo wa kuushika.

Jioni, kabla jua halijazama, Mama Berthe alitokea kwenye kituo cha polisi. Alikuwa bado na udongo wa kaburini kwenye viatu. Mkononi alibeba sufuria iliyofungwa kwa kitambaa, na dumu dogo la maji.

Askari wa zamu alimwangalia Aruna. Aruna alichukua funguo mwenyewe.

Kanyere alikuwa ameketi pembeni mwa mahabusu, magoti kifuani. Alipomwona mama yake alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Mama Berthe aliketi sakafuni mbele yake. Alifungua kitambaa. Ulikuwa ugali wa muhogo na sombe.

"Siwezi, mama," Kanyere alisema. "Hapana kwa mukono yako."

"Batu ba gereza banakufa na njaa. Hakuna mutu mwingine wa kukuletea."

"Umetoka kumuzika."

"Nimetoka kumuzika." Alikohoa, akangoja kikohozi kipite. "Sikukuletea musamaha, Kanyere. Bado siko nao. Naweza kufa sijaupata. Nimekuletea chakula."

Akafungua dumu, akalishika kwa kuliinamisha kidogo. Maji yalianza kudondoka sakafuni.

Kanyere alikaa akiyatazama. Kisha akasogea mbele, akanyoosha mikono, na mama yake akamnawisha.